Kadi 752 zenye kingo nyeusi: nilivyoimaliza seti ya Topps ya 1971

Kila niliyemuuliza namna ya kukamilisha seti ya kadi za wachezaji wa besiboli za Topps, kampuni ya Marekani, ya 1971, alinijibu vilevile: anza na mastaa. Mnunue Willie Mays (namba 600), Roberto Clemente (630), Nolan Ryan (513), halafu vijikadi vingine vitakuja vyenyewe. Ushauri wa hovyo huo. Mays na Clemente wapo sokoni siku yoyote unayotaka, kinachohitajika ni pesa tu. Kinachokwamisha seti ya besiboli ya 1971 ni wachezaji ambao wengi hatuwajui, waliopangwa kuanzia namba 644 hadi 752. Mimi nilianzia huko mkiani, na waliokuwa wakinishauri bado wana mapengo.

Topps walikuwa wakitoa kadi zao kwa mafungu, na mwaka ule yalikuwa sita. Fungu la mwisho lilifika madukani msimu ukielekea ukingoni, watoto wa Marekani wanarudi shule na macho yameshahamia kwenye ule mpira wao wa kushika mkononi (American football). Wenye maduka wakaagiza kidogo. Juu ya hapo, karatasi ya kuchapia ilikuwa na nafasi 132 na fungu lile lina kadi 109, kwa hiyo kuna kadi zilizochapwa mara nyingi kuliko wenzake. Ndiyo maana hata ndani ya namba za juu ziko za kuokota na ziko za kusotea. Namba 709 inauma mara mbili: iko juu, halafu imewabeba Dusty Baker na Don Baylor, mastaa wa baadaye, wakiwa bado chipukizi. (Wa tatu kwenye kadi hiyo ni Tom Paciorek, na sijaona anayeinunua kwa ajili yake.)

Kwa bei, namba moja ya juu ya mtu asiye na jina ilinilia pesa ya kadi tano sita za mafungu ya mwanzo, wakati mwingine kumi. Nafuu iliyopo ni kwamba Mickey Mantle, staa wa New York Yankees ambaye kadi zake ni ghali mno, hayumo. Kadi yake ya mwisho ya enzi za uchezaji ni ya 1969, na kukosekana kwake peke yake kunaifanya seti hii iwezekane kwa mtu wa kawaida.

Sasa zile kingo. Weusi wake ni wino uliolala juu ya kadibodi nyeupe, kwa hiyo kona ikisuguliwa kidogo tu, weupe unachungulia. Kwenye kadi za 1973, zenye kingo nyeupe, mchubuko kama huo hata huuoni. Anayekwambia utafute za 1971 zisizo na doa hajawahi kuzilipia. Mimi nilikubali kona zilizochoka, nikakataa mikunjo, nikakataa picha iliyoegemea upande mmoja kiasi cha kumeza ukingo mzima. Kiwango kikawa hicho kwa kadi zote. Ukiingiza moja inayong'aa katikati ya ukurasa wa albamu wenye kadi tisa, nane zinazoizunguka zinageuka takataka.

Kosa langu kubwa lilikuwa la kununua kwa picha. Muuzaji mmoja alikuwa na fungu la namba za juu thelathini na kitu, zimepangwa vizuri juu ya kitambaa cheusi. Kingo nyeusi juu ya kitambaa cheusi! Nikaziona zote kali. Zilipofika nikaziweka juu ya karatasi nyeupe, na kingo zikawa kama zimetafunwa na panya. Tano kati yake zilikuwa mbaya zaidi kwa sababu zilionekana nzuri mno. Nilizigeuza kwa ubavu, nikaangalia unene wa kadi kwa lenzi ya kukuzia. Kadi halali ina mstari wa kadibodi ya rangi nyeupe chafu, na weusi umekatika ghafla pale juu. Zile tano zilikuwa na weusi ulioteremka ubavuni kama chai inavyopanda kwenye biskuti. Mtu alikuwa amepita na maka peni. Kwa hiyo sasa siagizi kitu bila picha iliyopigwa juu ya karatasi nyeupe, mbele na nyuma, na ya tatu kadi ikiwa imeinamishwa dhidi ya mwanga ili mikunjo ijitokeze. Asiyetaka kupiga ya tatu huwa ana sababu. Kadi ikishakuwa mkononi, tochi ya miale ya urujuanimno (UV) nayo husaidia: wino wa maka mara nyingi unaakisi tofauti na wino wa kiwanda.

Wengine hawapaki rangi, wanakata. Ukingo uliochubuka unaondolewa kwa wembe, kadi inabaki na kona kali ajabu. Vipimo ni milimita 63.5 kwa 88.9, lakini rula haisaidii sana. Weka kadi unayoiamini chini, nyingine juu yake, zigonge pamoja mezani pande zote nne. Iliyokatwa itaonekana imezama, au upande mmoja umekwenda mshazari.

Namba za juu zenyewe nilizipata kwa njia ambayo sikuambiwa na mtu. Niliacha kutafuta kwa namba, nikatafuta kwa timu. Mwaka ule timu zilikuwa 24, na kadi 109 ukizigawa hivyo, ukiacha zile zinazochanganya timu, kila timu inabaki na tatu mpaka tano hivi. Wanaouza seti za timu, yaani kadi zote za timu moja kwa pamoja, hupanga bei kwa kumtazama staa. Timu ya Clemente haishikiki. Lakini San Diego, Montreal, Milwaukee au Washington haina wa kugombewa hivyo, na namba za juu inazo vilevile. Nilinunua timu moja baada ya nyingine kwa bei ya kadi za chini, nikachomoa za juu, nikauza zilizobaki kwa mafungu ya ishirini ishirini. Kuna timu mbili zilizorudisha karibu pesa yote. Cha kuangalia ni nyuma ya kadi, penye namba, maana wajanja huchomoa za juu kwanza na bado wanaandika "timu kamili". Hapohapo angalia rangi ya mgongo: Topps ni kijani, ukikuta njano na maneno ya Kifaransa hiyo ni O-Pee-Chee ya Kanada, seti nyingine kabisa.

Namba 1 na 752 nazo ni korofi kwa sababu ya mipira ya kufungia. Watoto walipanga kadi kwa namba wakazifunga kwa raba bendi, na raba inakula ya juu na ya chini. Bajeti yako iongezee kidogo hapo.

Nta ya karatasi iliyofungia pakiti ikiwa imenasa mbele ya kadi, isugue taratibu kwa soksi ndefu ya nailoni, lakini katikati ya picha tu. Ukifika ukingoni utaondoka na wino. Ikiwa mgongoni, achana nayo, karatasi imeshainywa.

Kuhifadhi ni kurasa za mifuko tisa zisizo na plastiki ya PVC, maana PVC hutoa mafuta na kung'ang'ania kadi. Zinatakiwa 84. Ukurasa wa mwisho unabeba kadi tano, mifuko minne inabaki wazi.

Mmoja wa hiyo minne nimeupa kadi ya 619 ya ziada. Hiyo ndiyo orodha ya kadi za fungu la mwisho, yenye visanduku vya kutia vema kwa kila kadi uliyoipata, na ilitoka ndani ya fungu la tano, kabla hata hizo kadi hazijaingia dukani. Isiyoandikwa inauzwa ghali, nami ninayo mahali pake. Hii ya ziada ilikuja bure ndani ya moja ya zile timu, ina alama za penseli za mtoto fulani. Kati ya visanduku 109, ametia vema kwenye saba.