Rede Kabla ya Netiboli

Wiki ya tano ya mazoezi ya kufundisha, Morogoro, niliamka saa kumi na moja alfajiri kuchora uwanja kwa majivu ya jiko la shule. Mhadhiri alikuwa anakuja kunikagua, na mfukoni nilikuwa na maandalio mawili ya somo lile lile.

Moja lilimfuata Madam, mwalimu wangu mlezi. Kwake netiboli ni mstari na filimbi: wawili wawili, pasi ya kifua ishirini, pasi ya bega ishirini, anahesabu yeye. Chuoni tuliuita mtindo wa amri, wa kwanza kwenye orodha ya mitindo ya kufundisha ya Muska Mosston ya mwaka 1966. La pili lilimfuata mhadhiri, muumini wa Bunker na Thorpe wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, ambao mwaka 1982 walitaka mtoto aanze kucheza, auelewe mchezo, ndipo afundishwe ufundi anaouhitaji. Madam aliposikia hilo alicheka. "Waanze kucheza? Hao watakumbatia mpira kama mtungi."

Nikachagua la mhadhiri. Ndiye mwenye alama, niseme ukweli.

Kidato cha Pili, wasichana arobaini, mipira miwili, mmoja unavuja upepo. Nikawagawa wanne kwa wanne, wengine wakisubiri zamu. Nakumbuka mmoja, mrefu, kandambili kazivua. Alipokea, akamwona mwenzake yuko peke yake, hata kwa macho akamwita. Akarusha, mpira ukaanguka nusu ya njia. Akarudia, ukaanguka tena. Mchezo ameuelewa, mkono haujui. Mara ya tatu hakurusha kabisa, sekunde tatu anazoruhusiwa kushika mpira zikaisha, mpira bado kifuani.

Madam akainuka chini ya mwembe. "Mwanangu, nipe mpira." Akasimika chupa ya soda mchangani, akaita rede. Watoto wakapiga kelele. Nani hajui rede? Wawili wanarusha pande mbili, wa katikati anakwepa huku akijaza mchanga kwenye chupa. Hakuna aliyehesabu pasi, na mikono ikaanza kupiga kwa nguvu, macho yakidanganya upande. Kisha filimbi: "Simama! Mguu upi umetua kwanza? Ukiunyanyua, usiurudishe chini kabla mpira haujakutoka." Pasi kumi za bega, halafu wakarudi wanne kwa wanne. Yule mrefu akafikisha.

Wakati wa chai mhadhiri alichora hatua sita za Bunker na Thorpe nyuma ya daftari langu. Madam akaweka kidole kwenye ya tano, ufundi. "Kumbe na hawa wanafundisha pasi."

"Wanafundisha, Madam. Ila mtoto akishaona anaihitaji."

"Baada ya rede, basi."

Mhadhiri akacheka hadi chai ikamwagika kwenye sahani. Sitasema walipatana. Nani asimamishe mchezo, mwenye filimbi au mtoto aliyekwama, hapo walibishana mpaka kengele ya kipindi cha nane, na mimi mpaka leo nabadilika kutegemea darasa. Ila niliona kitu ambacho mitihani ya chuo ilinificha: wote wawili walikuwa wakimtazama msichana yule yule, mkono ule ule.

Mhadhiri alipoondoka aliniachia fomu. B, na chini yake kwa kalamu nyekundu: "Andalio halikufuatwa."

Madam akaisoma, akanigeukia. "Lipi?"