Kirusi kilichomlinda mwanangu tumboni
Jamani tangu mtoto wangu azaliwe kuna kitu hakinitoki kichwani. Nilipojifungua nesi alinionyesha kondo la nyuma, nikaliangalia tu sekunde mbili basi, juzi ndo nikaanza kusoma linavyofanya kazi na nimebaki mdomo wazi.

Yaani karibu asilimia 8 ya DNA yetu ni mabaki ya virusi, retrovairasi, za ukoo mmoja na HIV, zilizowaingia mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita, zikajipachika kwenye mbegu na mayai yao na zikarithishwa mpaka kwetu. Nyingi zimeshakufa, hazifanyi kitu. Lakini moja ilikuwa na protini ya kujigandisha kwenye seli ili iingie ndani, na mwili ukaichukua ukaifanya yake, inaitwa sinsitini, ndo inayounganisha seli za kondo ziwe tabaka moja linalopitisha chakula na hewa kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Vitoto vya panya vilivyotolewa jeni ya aina hiyo (kipande cha DNA kinachotengeneza protini hiyo) vilifia tumboni. Hapo nililia kweli.

Si kwamba zote ni rafiki, kuna zinazoamka na watafiti wanazichunguza kwenye kansa, ugonjwa wa MS (kinga ya mwili inashambulia ubongo na uti wa mgongo) na ALS (neva zinazoendesha misuli zinakufa), ila kama ndo chanzo au ni matokeo ya ugonjwa bado wanabishana.

Nikimbeba sasa hivi nawaza tu, adui wa zamani ndo alikulisha miezi tisa mwanangu.