Namna nilivyowafahamu waliomiliki Benz yangu ya 1970

Mercedes-Benz 280 S niliyoinunua Kinondoni ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1970. Kadi ya gari ilionyesha jina la muuzaji peke yake, naye aliirithi kwa mjomba wake aliyeipata kwa dalali. Nilitaka kuijua historia yake kabla fundi hajagusa chochote, kwa sababu gari la umri huu ukishalivua rangi na viraka, ushahidi umekwenda nao.

Kwa hiyo nilianza na bati. Chini ya boneti kuna namba ya chesisi, ya kwangu inaanza na 108.016, ndiyo 280 S yenyewe, halafu 22: mbili ya kwanza ni usukani wa kulia, ya pili ni gia otomatiki. Namba ya rangi ni 040, nyeusi. Gari lakini lilikuwa jeupe. Mtaani Gerezani, Dar es Salaam, fundi wa bodi akanisugulia kwa msasa ndani ya buti, pembeni kabisa. Chini ya nyeupe ikatokea bluu, na chini ya bluu ile nyeusi ya kiwandani.

Fundi huyo huyo ndiye aliyenifungulia njia. Aliinua zulia upande wa dereva, akapapasa kiraka cha sakafu, akasema, "Hii imechomelewa kwa gesi, na mkono huu naujua." Akanielekeza kwa mzee aliyemfundisha kazi, sasa amestaafu, yuko Mbagala. Mzee hakuhitaji hata kuja kuliona. Nilimwonyesha picha kwenye simu. "Gari la maharusi la Magomeni hilo. Muulize mjumbe, mama mwenyewe bado yupo."

Bibi alinipokea vizuri sana. Nilipomaliza kumwamkia na kueleza shida yangu, alimtuma mjukuu alete mkoba wa karatasi, na ndani yake ilikuwemo kadi ya zamani yenye wamiliki waliotangulia. Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Upanga. Bibi anasema alikuwa na nyumba za kupangisha, zikachukuliwa mwaka 1971 serikali ilipotaifisha majengo, akahama nchi na familia yake. Likafuata shirika la umma, ndiko lilikopigwa bluu. Marehemu mume wake alilipata kwenye mnada.

Nyeupe ni uamuzi wake Bibi. Alikuwa akilikodisha kwa maharusi, na anakumbuka mengi ambayo hakuna kadi ingeyaandika: bwana harusi alikaa kushoto ili bibi harusi ashukie upande wa wakwe, chakula hakikuingia ndani, na dereva alivaa shati lililopigwa pasi na yeye mwenyewe. Miaka ya uhaba wa mafuta, magari binafsi yalipokatazwa barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana, sherehe zote alizipanga Jumamosi. "Mwanangu, fedha ya gari hili ndiyo iliyosomesha watoto," aliniambia, na wawili kati yao walikuwepo pale wakiitikia kwa kichwa.

Baadaye niliomba kumbukumbu za kiwandani kwa kupeleka nakala ya kadi yangu na namba ya chesisi. Zilithibitisha rangi nyeusi na gia. Nilifurahi kuwa nazo, ila hazikunipa mtu hata mmoja.

Wapenzi wenzangu wa magari ya zamani wananishauri niirudishe nyeusi, na hoja yao ina uzito: ndivyo ilivyotoka kiwandani. Mimi nimechagua nyeupe. Gari hili lilikuwa jeupe kwa muda mrefu kuliko lilivyokuwa jeusi, na watu wa Magomeni wanalijua hivyo. Bluu nimeiacha ionekane kidogo ndani ya buti, pale pale fundi alipopiga msasa. Nakala ya kadi ya Bibi iko kwenye droo ya dashibodi pamoja na kadi yangu, na sasa kazi imebaki kwenye kabureta zake mbili.