Nguzo zilizoinama: nilivyosimamisha sola ya chini kwenye udongo mweusi wa Ruai

Nguzo ya mbele, ile ya upande wa kuku, ndiyo iliyoinama kwanza. Ilikuwa Aprili 2024, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, nikatoka alfajiri kuangalia kama maji yameingia bandani. Macho yakaenda kwenye paneli. Ukingo wa chini, ambao Januari ulikuwa umenyooka kama rula, sasa ulikuwa umepinda katikati. Nikachukua timazi. Nguzo ilikuwa imelala kwa upana wa vidole vitatu, na klampu mbili zilikuwa zimelegea kiasi kwamba niliweza kuzizungusha kwa mkono.

Nilikaa pale nimeloa nikaanza kulia, kwa sababu akiba yangu yote ilikuwa imesimama juu ya zile nguzo.

Kazi inayonilisha ni kuangua vifaranga. Mashine yangu inabeba mayai 528 na inataka joto la nyuzi 37.5 mchana na usiku, kwa siku 21. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipofunika karibu Kenya nzima, mayai yaliyokuwamo yalikuwa na siku 18. Niliifunika mashine kwa mablanketi, nikazungushia chupa za maji moto, nikakesha. Stima ilirudi kwetu kesho yake usiku. Kati ya mayai 352 nilipata vifaranga 41. Yaliyobaki nilipoyapasua, wengi walikuwa wamekamilika, na manyoya yao. Sikutaka kuona kitu kile tena.

Watu huniuliza kwa nini sikuweka paneli juu ya paa kama wengine. Paa langu lina miteremko minne midogo, na mbao zake zimeguswa na mchwa. Paneli moja ya wati 550 ina uzito wa kilo 28 hivi. Nane zinapita kilo 220 kabla hujaongeza vyuma. Fundi niliyemwita, mwenye leseni ya mafundi wa sola ya daraja la T3 kutoka EPRA, mamlaka inayosimamia nishati Kenya, alipanda, akagonga mbao mbili tatu, akashuka akasema, "Mama, hapa juu sitaweka kitu." Angeweza kuweka akachukua pesa yake akaenda. Heshima yangu kwake ilianzia hapo. Nyuma ya nyumba nilikuwa na nafasi ya kutosha, kwa hiyo tukakubaliana paneli zikae chini.

Kuhusu uelekeo, nilikuwa nimetazama video nyingi za Uingereza, zote zinasema paneli zielekezwe kusini. Kule ni sawa, kwa sababu jua lao la adhuhuri liko upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko kusini kidogo tu ya ikweta, kama digrii 1.3. Katikati ya Machi, na tena mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri linapita juu ya utosi. Simamisha mti wima saa sita na nusu uone, kivuli chake kinajificha chini yake. Kuanzia hapo Machi mpaka Septemba jua liko kaskazini, miezi mingine liko kusini. Fundi aliziinamisha kaskazini kwa digrii 12. Sababu yake ilinipendeza: Juni, Julai na Agosti ndiyo miezi yetu ya mawingu na baridi, basi mwanga mchache uliopo uupokee uso kwa uso. Tena ukizilaza kabisa, vumbi linaganda kwenye ukingo wa chini na mvua hailiondoi.

Vifaa vingine havikunisumbua: inveta ya kilowati 5 inayogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani, betri moja ya lithiamu ya kilowati-saa 5, na paneli nane zilizofungwa mfululizo, yaani moja nyuma ya nyingine kwenye waya mmoja. Nilinunua vyote mjini baada ya kuzunguka maduka kwa wiki mbili nikilinganisha bei.

Kosa letu lilikuwa ardhini. Tulichimba Januari, wakati wa kiangazi. Mtu aliyezaliwa huku mashariki mwa Nairobi, Embakasi, Utawala au Ruai, anaujua udongo huu: ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unavimba na kunata kwenye viatu mpaka unatembea kama umefungwa mawe. Tulichimba mashimo sita ya futi mbili, tukasimamisha mabomba ya chuma, tukamwaga zege, tukarudishia udongo uleule mweusi juu yake. Vibarua waliniambia ni imara, nami nilisukuma nguzo kwa bega, haikutikisika. Udongo mkavu una nguvu kama jiwe.

Masika yalipokuja ukavimba na kuyainua yale mazege. Lakini mbona nguzo za mbele tatu ndizo zilizoinama, na za nyuma karibu zote zikabaki wima? Jibu nililipata kwa kusimama nje mvua ikinyesha. Paneli nane zina eneo la mita za mraba 20 hivi. Mvua ya milimita 50 ikiangukia eneo hilo ni lita 1,000, na zote zilikuwa zikiteremka kwenye ukingo wa chini na kumwagika miguuni mwa nguzo za mbele. Upande mmoja ulilowa chepechepe, upande mwingine ukabaki na unyevu wa kawaida. Paneli zenyewe ndizo zilizokuwa zikichimbua msingi wake.

Agosti tulishusha kila kitu na kuanza upya. Safari hii tulichimba mpaka tukaumaliza udongo mweusi. Kwangu murami ngumu, ule udongo wa changarawe usiovimba, ilionekana futi nne na nusu. Kwa jirani wa upande wa pili wa barabara ni futi sita, kwa hiyo usichukue kipimo changu, chimba mpaka uone rangi inabadilika na sururu inaanza kuruka. Chini kabisa tulipanua shimo, tukaweka nondo na zege, tukasimamisha nguzo. Kisha, na hili ndilo ninalomwambia kila anayeniuliza, udongo mweusi haukurudi shimoni. Tulijaza murami kidogo kidogo huku tukishindilia, na juu tukauinamisha uso wa ardhi ili maji yakimbie mbali na nguzo. Nguzo zote sita tukaziunganisha kwa vyuma vya mlalo. Msingi wa kwanza ulikuwa umenigharimu shilingi 18,000. Huu wa pili, pamoja na kushusha na kupandisha, ulikula 64,000.

Kwenye ukingo wa chini niliweka mfereji wa mabati unaopeleka maji kwenye tangi la lita 1,000. Maji hayo yakawa baraka ambayo sikuipangia. Kisima cha kuchimbwa tunachotumia kina chumvi. Nilikuwa nikioshea paneli maji yake, yakikauka yanaacha utando mweupe. Sasa ninaosha kwa maji ya mvua, kitambaa laini, bila sabuni ya aina yoyote. Ninaosha kabla ya saa mbili asubuhi, kioo kikiwa bado baridi, kwa sababu maji baridi juu ya kioo chenye moto yanaweza kukipasua.

Kebo nazo zilikuwa na kesi yao. Kutoka kwenye paneli hadi nyumbani ni mita 30, zimepita ndani ya bomba la plastiki nusu mita chini ya ardhi. Tulipofukua, maungio mawili yalikuwa yameachana, udongo umeyavuta ulipokuwa ukikauka, na maji yamejaa ndani. Kwa bahati ngozi ya kebo ilikuwa nzima. Tuliweka bomba jipya, tukalizungushia mchanga badala ya udongo mweusi, na kila mwisho tukaacha kebo imelegea kidogo ili ardhi ikisogea isiivute.

Naomba unisikilize hapa: paneli nane mfululizo zinatoa karibu volti 400 za umeme usiobadilika mwelekeo, na maadamu kuna mwanga hazizimiki. Kuchomoa kiunganishi wakati umeme unapita kunawasha cheche ndefu inayoweza kukuunguza. Ninazima inveta, ninashusha breka ya paneli, na hata hivyo sigusi kiunganishi chochote. Hiyo ni kazi ya fundi. Tulizungushia waya wa uzio wenye mlango wa kufuli kwa sababu ya watoto, ambao kitu cha urefu wa kiuno chao ni mchezo tayari. Vyuma na fremu vimeunganishwa na fimbo ya shaba iliyopigwa ardhini, na fundi huja kuipima Februari, udongo ukiwa mkavu kabisa, maana wakati huo ndipo ardhi inapopokea umeme kwa shida.

Uzio ulisaidia pia kwa kuku. Walikuwa wakiruka juu ya paneli za mbele kuota jua la asubuhi. Kinyesi kikiganda kwenye sehemu ndogo, zile seli zilizofunikwa hupata moto kuliko wenzake, na paneli zote zilizofungwa mfululizo hudhoofika. Ndege wa kwarara nao hutua, ila mara chache. Barabara yetu ni ya vumbi, kwa hiyo miezi ya kiangazi ninaosha kila Jumamosi. Masika ninaiachia mvua. Kila miezi sita ninapita na spana kukaza nati, na kila baada ya mvua kubwa ninapita na timazi.

Siku njema ya Februari inveta huonyesha kilowati-saa 17. Julai huwa tisa, siku nyingine saba, na siku hizo pampu ya maji hupumzika ili mashine ipate haki yake. Tangu Septemba 2024 sijapoteza mayai kwa sababu ya stima, hata mara moja.

Masika ya 2025 nilipima nguzo zote sita kila wiki, na hakuna iliyosogea kwa kiasi cha kuonekana. Kinachonitia wasiwasi sasa ni jirani wa magharibi, ambaye ameshusha mawe ya kujengea na anasema atapanda ghorofa tatu. Angekuwa kaskazini nisingehofu sana, maana hata Juni, jua likiwa mbali kabisa upande huo, kivuli cha adhuhuri hakifiki nusu ya urefu wa jengo. Cha magharibi kinaanza saa tisa na kurefuka mpaka jua linapozama. Jumapili iliyopita nilimpelekea trei ya mayai, tukasimama uwanjani kwake saa kumi, nikamwonyesha kivuli cha mti wake wa parachichi kinapofika. Ameahidi kuzungumza na mchoraji wake kuhusu kusogeza jengo mita nne kuelekea barabarani. Fundi naye amekuja kupima upande wa mashariki wa kiwanja, endapo itabidi kuhama. Murami kule iko futi tano.