Jinsi nilivyopanga kuvizunguka vilima vya Les Gavarres kwa baiskeli yenye mizigo

Les Gavarres ni vilima vya kaskazini-mashariki mwa Hispania, katika jimbo la Katalonia, kati ya mji wa Girona na pwani inayoitwa Costa Brava. Kilele chake cha juu kabisa, Puig d'Arques, kina mita 532 tu, na ndiyo maana wengi wanaoitazama ramani huona kwamba hapo hakuna la kumsumbua mwendesha baiskeli. Mimi ninaishi Rotterdam, mji ambao sehemu yake kubwa iko chini ya usawa wa bahari, na mlima pekee ninaoupanda kwa kawaida ni daraja la kuvukia mto. Nilipokubaliana na shemeji yangu anayeishi Barcelona kwamba tutavizunguka vilima hivyo tukiwa na mizigo kwenye karia na bila gari la kutufuata, nilijua kwamba kazi kubwa ingekuwa mezani kabla ya safari.

Ugumu wa vilima vifupi vya pwani hauko katika urefu wa kilele. Mlima mrefu hupandwa mara moja, mtu akauteremka na yakaisha, lakini barabara za pwani hii hushuka hadi kwenye ghuba, hupanda kuivuka rasi, hushuka tena na kupanda tena, hivi kwamba barabara isiyofika mita 200 juu ya bahari inaweza kumpandisha mtu mamia ya mita kwa jumla kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo nilipokuwa nikichora njia katika programu ya ramani ya simu, sikutazama kimo cha mahali popote, bali jumla ya mita za kupanda. Kwa baiskeli yenye mizigo ninatumia hesabu yangu mwenyewe: kila mita 100 za kupanda huzihesabu kama kilomita mbili za tambarare, kisha hujiuliza kama siku hiyo bado inastahimilika. Hesabu hii si ya kisayansi, lakini ilituzuia kupanga siku zinazovutia kwenye karatasi na kuumiza barabarani.

Uti wa mgongo wa mpango wetu ulikuwa reli ambayo haipo tena. Mwaka 1892 ilifunguliwa reli nyembamba, yenye upana wa sentimita 75, kutoka Girona hadi bandari ya Sant Feliu de Guíxols, na pamoja na abiria ilisafirisha bidhaa za magome ya mialoni ya vilimani, magome ambayo hadi leo hutengenezwa vizibo vya chupa. Kwetu Tanga, mashamba ya mkonge yalikuwa na reli nyembamba za aina hiyo za kubebea majani hadi kiwandani, na pengine ndiyo sababu niliipenda njia hii hata kabla ya kuiona. Treni iliacha kufanya kazi mwaka 1969, na baadaye tuta lake likatengenezwa kuwa njia ya baiskeli na waenda kwa miguu yenye urefu wa karibu kilomita 39, ambayo bado inaitwa Carrilet. Kwa kuwa injini ndogo ya treni haiwezi kupanda mteremko mkali, wahandisi waliipitisha reli pale ambapo ardhi ililegea, na mwendesha baiskeli wa leo ndiye anayeifaidi akili yao. Njia hupita Quart, mji wa vyungu vyeusi, kisha Cassà de la Selva na Llagostera, ndipo ikateremka kupitia Santa Cristina d'Aro hadi baharini. Sehemu kubwa ni udongo na mchanga ulioshindiliwa, si lami, na tairi zenye upana wa milimita 38 zilitutosha kabisa. Ningekuwa na tairi nyembamba za mashindano ningeiacha njia hii na kupita barabarani.

Ukiitazama ramani utaona kwamba reli hiyo inavizunguka vilima upande wa kusini, ilhali upande wa kaskazini kuna vijiji vya mawe vilivyounganishwa kwa barabara ndogo za lami. Pwani inaunganisha pande hizo mbili, na kwa hiyo mduara unakamilika wenyewe. Tulichoamua mapema ni mduara. Mwelekeo wa kuuzunguka tuliuacha wazi hadi usiku wa kuamkia safari, kwa sababu ya upepo.

Katika eneo hili upepo una majina, na wenyeji huyataja kama wavuvi wa kwetu wanavyotaja kusi na kaskazi. Tramuntana hutoka kaskazini, upande wa milima ya Pirenei, ukiwa mkavu na wa baridi, na unaweza kuvuma kwa nguvu ya kumsogeza mwendesha baiskeli kutoka ukingoni hadi katikati ya barabara, hasa kama mifuko ya karia ni mikubwa. Garbí hutoka kusini-magharibi, na wakati wa joto huamka mchana pwani. Iwapo utabiri ungetaja tramuntana, tungeanza na vijiji vya kaskazini, tukasukumwa na upepo kuelekea bandari za kusini, kisha tukarudi Girona kwa Carrilet tukikingwa na vilima na miti. Utabiri ulisema hali shwari na garbí ya mchana, kwa hiyo tulianza na Carrilet, tukaiacha pwani itupandishe kuelekea kaskazini-mashariki saa ambazo upepo ungekuwa mgongoni. Kwa maoni yangu, uamuzi huu mmoja ulitupunguzia taabu kuliko gia zote tulizokuwa nazo.

Hatukuifuata reli hadi mwisho. Llagostera tuliiacha, tukaingia kusini katika vilima vya Cadiretes, ambavyo kilele chake kina mita 519, tukavivuka kwa barabara ya msituni hadi Tossa de Mar, mji wenye ngome ya kale iliyo juu ya bahari. Sababu ilikuwa barabara ya pwani kati ya Tossa na Sant Feliu, yenye zaidi ya kilomita 20 za kona zilizochongwa kwenye majabali. Husemwa kwamba kona hizo ni 365, lakini sikuzihesabu. Magari ya Hispania hupita kulia, kinyume na kwetu Tanga, na anayetoka Tossa kwenda Sant Feliu huwa upande wa bahari muda wote, akiona maji chini ya bega lake la kulia bila kuukata msafara wa magari anapotaka kusimama. Tuliondoka alfajiri, kabla ya magari na pikipiki za wikendi kuamka. Shemeji alitaka tupande pia hadi Sant Grau, kanisa dogo lililo juu ya barabara hiyo. Nilimwambia, "Shemeji, hiyo nenda wewe ukiwa huna mizigo," naye alipoutazama mteremko wake hakuirudia hoja.

Sheria ya nchi inamlazimu dereva kumwachia mwendesha baiskeli nafasi ya angalau mita moja na nusu anapompita, na tulikuta wengi wakiifuata hata penye kona. Kwa upande wetu tulivaa kofia ngumu, kwa kuwa nje ya miji ni lazima, na tuliwasha taa ya nyuma hata mchana, maana kutoka kwenye jua kali na kuingia kivuli cha misonobari humfanya dereva asione kitu kwa nukta chache.

Tulikwenda mwezi Mei. Julai na Agosti zina joto na foleni za watalii, na isitoshe, msitu ukikauka sana mamlaka huweza kuzuia watu wasiingie katika baadhi ya vilima kwa hofu ya moto. Tangu Machi 15 hadi Oktoba 15 ni marufuku kuwasha moto msituni na kandokando yake, kwa hiyo jiko la gesi tuliliacha nyumbani tukala vijijini. Vuli nayo ni nzuri, ila mvua zake huja kwa kishindo, na vijito vikavu vinavyoonekana kuwa mahali pazuri pa kupumzika hujaa maji ghafla.

Jambo la maji na chakula lilitaka nidhamu. Maduka ya vijijini hufungwa mchana na kufunguliwa tena jioni, na Jumapili mengi hayafunguliwi baada ya mchana, kwa hiyo tulinunua mkate na matunda asubuhi kabla ya kupanda baiskeli. Kila mmoja alibeba lita mbili za maji, tukijaza kwenye mabomba ya viwanjani, isipokuwa pale palipoandikwa kwamba maji hayanyweki. Kwa kuwa sisi hatuli nguruwe, na nyama na soseji nyingi za huko ni za nguruwe, tuliishi kwa dagaa wa kuchoma, kimanda cha viazi, na mkate uliosuguliwa nyanya na kutiwa mafuta ya zeituni, chakula ambacho hakuna mkahawa uliokikosa.

Kutoka Sant Feliu hadi Palamós kuna magari mengi na hoteli nyingi, na sina la kuisifia. Baada ya Palamós ilianza njia fupi ya reli nyingine iliyofungwa mwaka 1956, tukafika Palafrugell, ambako kiwanda cha zamani cha vizibo kimefanywa makumbusho, Museu del Suro. Humo nilielewa nilichokiona msituni: mialoni yenye mashina mekundu kama yaliyochunwa ngozi. Gome hubanduliwa kwa shoka wakati wa kiangazi bila kuuua mti, kisha huachwa zaidi ya muongo likue tena kabla ya kubanduliwa upya.

Kutoka La Bisbal d'Empordà, mji wa wafinyanzi, barabara ndogo hupita Monells, wenye kiwanja kilichozungukwa na matao, na Madremanya, ambako mpando wa mwisho huanza. Huo ndio mpando wa Els Àngels, unaofika kanisani karibu mita 480 juu ya bahari. Mchoraji Salvador Dalí na mkewe Gala walifungia ndoa yao ya kanisani hapo mwaka 1958. Tuliuweka mwisho kwa makusudi: wakati huo chakula chote kilikuwa kimeliwa, mizigo imepungua, na mbele yetu kulibaki mteremko wa kilomita zaidi ya kumi hadi Girona. Mwinuko wake ni wa wastani na haubadilikibadiliki, kwa hiyo nilichagua gia ndogo tangu kona ya kwanza nikakaa nayo, nikipumua kwa kipimo na kumwacha shemeji atangulie. Juu kuna maji, mkahawa, na siku isiyo na ukungu huonekana Pirenei upande mmoja na ghuba ya Roses upande mwingine. Kabla ya kuteremka tulikagua breki na kukaza kamba za mifuko, kwa sababu baiskeli yenye mizigo huchelewa kusimama.

Girona tulipanda treni ya kawaida ya mkoa kurudi Barcelona, ambayo huchukua baiskeli bila kuifungua iwapo nafasi ipo. Treni ya mwendo kasi hufika kwa chini ya saa moja, lakini hudai baiskeli ifungwe kwenye mfuko, na baada ya vumbi la Carrilet hakuna kati yetu aliyekuwa na hamu ya kufungua pedali na magurudumu stesheni.