Nani alianza kuimba?

Kila Alhamisi jioni tuko na repetisyo ya korali yetu ya muziki wa klasiki kule Katuba, Lubumbashi, na kila Alhamisi jirani wa nyuma ya kanisa anafunguaka bafle zake, ndombolo mpaka madirisha yanatetemeka. Simlaumu hata kidogo, mimi mwenyewe kwenye harusi nachezaka mpaka viatu navua. Ila wiki mbili zilizopita mtoto wa dada yangu, miaka 14, alinisindikiza, akakaa benchi ya nyuma na telefone yake, na kabla hatujaanza akaniuliza: "Tantine, hii muziki ya bazungu ba zamani mutaiimbaka mpaka lini? Hakuna mutu anaisikilizaka."

Lile neno lilinikaa rohoni.

Kwanza hiyo "ya bazungu". Joseph Kiwele alikuwa mtoto wa hukuhuku Katanga, mpiga ogani, mtunzi wa misa na nyimbo za kwaya, yeye njo alitunga wimbo wa taifa ule wakati Katanga ilijitenga, akawa na waziri wa elimu, akafariki 1961. Na Kamina, mji wa reli tunaoupita tukienda Kasai, njo Missa Luba ilizaliwa kwa padri Mbelgiji Guido Haazen na watoto na walimu wa pale: maneno ya misa kwa Kilatini kilekile, lakini ngoma ni zetu, na namna ya mmoja kuanza na wengine kuitikia ni ya kwetu. Mwaka 1958 walienda kuiimba mpaka Brussels. Leo kuna watu Ulaya wanaijua kwa moyo na mtoto wa Katuba hajawahi hata kuisikia jina, hicho njo kinaniuma.

Halafu watu wanasema sikio letu si la muziki ule, limezoea seben, ile sehemu ya rumba ambapo magita yanawaka na watu wanacheza. Lakini sikiliza seben vizuri! Gita la solo linasema lake, mi-solo anapita katikati, akompa anashikilia chini, besi naye ana njia yake, wanne wanaongea pamoja na hakuna anayemfunika mwenzake. Bach, mtunzi wa Ujerumani, miaka 300 iliyopita alikuwa anafanya kazi ya namna ileile, sauti inatoka, nyingine inaifuata nyuma na maneno yaleyale, ya tatu inaingia. Mtu aliyekulia kwenye rumba ana sikio tayari, tena pengine kuliko mtu wa nchi ambako wimbo ni sauti moja na mashine ya kupiga ta-ta-ta. Sikio halina shida, shida ni kwamba hakuna anayetufungulia mlango. Lile jumba kubwa la teatri mjini lilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya maonyesho, leo ni Bunge la Jimbo, sisi tunaimbia makanisani, basi.

Na inawezekana. Kinshasa, Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu, yule nabii wa Kanisa la Kimbangu, alianzisha orkesta ya simfoni 1994, yeye alikuwa rubani na kazi yake ilikuwa imeisha, violoni zilikuwa chache watu wanapokezana, uzi ukikatika walikuwa wanaweka waya wa breki ya baiskeli. Waya wa breki! Na wakafika kupiga Simfoni ya 9 ya Beethoven.

Narudi Katuba. Siku ile tulikuwa kwenye Aleluya ya Handel, ile ya 1741, tunaiimba kwa Kiswahili, dakika 4 hivi tu, fupi kuliko jeneriki nyingi za Kinshasa, zile nyimbo ndefu za kufungulia albamu. Umeme ukakatika. Kinanda kimya, bafle za jirani kimya, mtaa mzima giza. Maestro akatoa diapazo mfukoni, kile chuma kidogo cha kutoa noti, akaigonga kwenye goti, akaiweka sikioni, akatupa noti kwa mdomo, mmmm, tukaanza bila chombo. Pale penye "Naye atatawala milele na milele" besi wanaingia peke yao, kisha tenori, kisha sisi alto, soprano wa mwisho, na katika giza hauoni mdomo wa mtu, unasikia tu sauti inatoka kona moja inahamia nyingine kama mtu anatembea na taa ndani ya nyumba.

Tulipomaliza nikaona telefone ya mtoto inawaka kule nyuma, amesimama.

"Tantine, nani alianza kuimba?"

"Besi."

"Na benye balimufuata banajua saa gani ya kuingia namna gani?"

Nikamwambia wanasikilizana, wanahesabu. Akaomba turudie, na maestro akarudia ile sehemu mara tatu juu yake, besi peke yao, besi na tenori, kisha sote.

Alhamisi hii alitangulia kufika kabla yangu. Alikaa upande wa besi, sauti yake bado haijaamua kama ni ya mtoto ao ya mwanaume, maestro amemwacha hapohapo.