Kumbukumbu ya mradi: masafa na muda wa ndege, Malindi na Manda hadi New York kupitia Nairobi

Fomula ya masafa imetulia. Viwanja vilivyoingizwa kwenye lahajedwali ni vinne: Malindi (−3.2293, 40.1017), Manda ya Lamu (−2.2524, 40.9131), Jomo Kenyatta Nairobi (−1.3192, 36.9278) na JFK, New York (40.6398, −73.7789). Kwanza latitudo, kisha longitudo. Kusini mwa ikweta na magharibi mwa Greenwich hubeba alama ya kutoa. Ukipewa digrii, dakika na sekunde, gawanya dakika kwa 60 na sekunde kwa 3,600, kisha jumlisha: 3°13′45″ ni 3.2292. Anayeandika 3.1345 ameusogeza uwanja zaidi ya kilomita 10.

Hesabu ni ya duara kuu, yaani njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia. Zidisha sini za latitudo mbili. Zidisha kosini zake pamoja na kosini ya tofauti ya longitudo. Jumlisha majibu hayo. Tafuta pembe kwa akosini (kinyume cha kosini), kisha zidisha kwa 6,371, yaani nusu kipenyo cha dunia kwa kilomita. Digrii zigeuzwe radiani kabla ya yote.

Kuijaribu fomula kwa Malindi–Manda peke yake ni kujidanganya. Jibu ni km 141, na hata Pitagorasi wa shuleni, digrii moja kwa km 111.2, anatoa 141. Ukisahau alama ya kutoa kwenye latitudo zote mbili, bado ni 141! Nairobi–New York haina huruma hiyo. Jibu sahihi ni karibu km 11,840. Pitagorasi anatoa 13,165, na longitudo ya New York ikikosa alama yake unabaki na 5,970 tu.

Muda ndio wenye vurugu. Ndege ndogo ya km 300 kwa saa hutumia dakika 28 angani Malindi hadi Manda. Kaskazi, upepo utokao kaskazini-mashariki, wa noti 20 (km 37 kwa saa) ikiikabili usoni, zinakuwa 32. Kusi, upepo utokao kusini, ya nguvu hiyo ikiisukuma nyuma, 25. Boti ya kuvukia Lamu mjini haimo humu.

Safari ndefu, Nairobi–New York, tumeipima kwa ratiba ya Kenya Airways ilipoanza njia hiyo Oktoba 2018: saa 15 kwenda New York, 14 kurudi. Toa nusu saa ya kutambaa uwanjani kwa kila safari: km 816 kwa saa kwenda, 877 kurudi. Wastani ni karibu 847, na upepo unachangia kama 30, kwa kuwa huko juu kaskazini huvuma kutoka magharibi. Ni makadirio, rubani hafuati duara kuu kwa uzi, na wakati wa kurudi anaweza kuzunguka kidogo akiutafuta upepo.

Tikiti huandikwa saa za mahali. Kuondoka 23:00 (saa tano usiku) na kufika 06:00 (saa kumi na mbili asubuhi) kunaonekana ni saa 7. Ongeza 8 za tofauti ya majira, upate 15. New York ikisogeza saa zake mbele Machi, tofauti ni 7 na ndege hiyohiyo inafika 07:00. Ukiingiza saa ya Kiswahili bila kuigeuza iwe ya mfumo wa saa 24, safu nzima inaharibika.

Kinachofuata ni safu ya upepo kwa kila mwezi, kusi na kaskazi zikitenganishwa, kwa njia ya Manda kwanza.